Damu ya Mahona

Wauguzi wengi walimhudumia Nyamizi tangu mimba yake ya kwanza, lakini aliyemuuliza watoto wake walikufaje alikuwa mmoja tu. Wengine waliuliza wangapi. Waliandika kwenye kadi, mimba ya tatu, watoto hai hakuna, wakampima presha, wakamtoa damu, wakamwambia ale mboga za majani, wakaita anayefuata. Huyu wa sasa, dada wa mjini mwenye hijabu ya bluu aliyeitwa Naila, aliweka kalamu mezani.

"Walikufaje, mama?"

Nyamizi alitazama mlango. Nje, kwenye mabenchi ya kituo kile cha afya cha mjini Bariadi, wajawazito wenzake walikuwa wamebanana wakisubiri zamu. Yeye alitoka Sapiwi alfajiri kwa bodaboda, na mimba ya miezi minne, na hakuwa amejiandaa kulia mbele ya mtu.

"Wa kwanza, Limbu, alikuwa analia viungo," alisema. "Alipofika miezi minane mikono na miguu ilimvimba kama aliyeumwa na nyuki. Macho yakawa ya njano. Ikapoa, ikarudi, ikapoa, ikarudi. Alifariki na miaka minne. Wa pili ni Flora. Huyo alikuwa mnene, mzuri. Jumatatu homa ikampanda, Jumanne midomo ikawa myeupe, Jumatano tukamzika. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu."

"Damu ya Limbu iliwahi kupimwa? Siyo malaria. Damu yenyewe."

"Alipolazwa walimtoa damu, chupa mbili. Akafa kabla ya majibu. Hakuna aliyetuletea."

Naila akauliza kama anaweza kumpima yeye, Nyamizi, kipimo kimoja ambacho hakimo kwenye orodha ya kawaida ya wajawazito. Nyamizi akanyoosha mkono. Alishazoea.

Wiki mbili baadaye aliitwa kuchukua majibu. Majibu yalitaja sikoseli, neno alilokuwa amelisikia redioni, akadhani ni ugonjwa wa watu wa Dar.

"Wewe huumwi," Naila alimwambia. "Umeubeba tu. Kila mtu damu yake ina nusu mbili, nusu ya baba na nusu ya mama. Kwako moja ni nzima na moja ina kasoro, na ile nzima inakulinda. Mtoto anaugua pale tu anapopewa kasoro na baba na akapewa kasoro na mama. Akipewa na mmoja, anakuwa kama wewe. Kwa hiyo nataka nimpime na mumeo."

"Kwa mama peke yake haiwezekani?"

"Haiwezekani."

"Hata kama bibi yake mtoto ni mchawi?"

Naila alimtazama usoni. "Haiwezekani, dada. Nani alisema bibi yake ni mchawi?"

Nyamizi alijua angeanza kueleza asingemaliza. Mama yake, Kabula, alikuwa mjane wa palepale Sapiwi, nyumba yake karibu na josho la ng'ombe. Ndiye aliyemlea Limbu mgongoni kila mikono ilipovimba, na ndiye aliyemwosha Flora siku ya maziko. Wiki iliyofuata wakwe walikwenda kwa mganga, mganga akasema kuna mkono wa mwanamke mzee wa upande wa mama, unaobeba watoto na kuwanyonya damu. Hakutaja jina. Hakuhitaji kutaja. Mchana kweupe vijana wa ukoo walikuja na mawe. Jiwe la Yakobo, mdogo wa mume wake, lilimvunja mama mkono wa kushoto. Nyumba ikachomwa, na mama akaenda kuishi Bukundi kwa kaka yake, kule Meatu, mkono umefungwa kwa vijiti. Ulipona ukiwa umepinda.

"Sista," Nyamizi alisema, na sauti yake ikawa ngumu. "Mimba ya Limbu nilikuja hapa mara nne. Ya Flora mara nne. Kila nilipokuja mlinichoma sindano. Damu yangu mlikuwa mnaitafutia nini?"

"Ukimwi, kaswende, malaria, wingi wa damu."

"Na hiki?"

"Hakikuwemo kwenye orodha. Hakimo mpaka leo." Naila hakuangalia pembeni. "Nimeanza kuuliza mwenyewe kwa sababu nimechoka kuandika 'watoto hai hakuna.' Una haki ya kukasirika."

"Sikuja kuomba ruhusa," Nyamizi alisema.

Mumewe, Mahona, alikuwa mtu mpole. Watu wote Sapiwi walimsifu kwa upole huo. Hakumpiga mke, hakulewa, na ng'ombe wake walimfahamu kwa sauti. Lakini kwenda kupimwa damu kulimshinda. Mara ya kwanza alisema pamba imefunguka, itaanguka chini. Mara ya pili ndama alikuwa anaharisha. Mara ya tatu alisema tumbo la kuendesha, na Nyamizi akamwambia basi atajiendesha mpaka Bariadi, kwa sababu yeye hatazaa mtoto wa tatu akiwa gizani.

Walikaa mbele ya meza ya Naila siku ya Alhamisi. Mahona aliweka kofia yake magotini. Naila alieleza upya, polepole, na Mahona alitikisa kichwa mahali palepale panapotakiwa, kama mtu anayesikiliza hadithi aliyokwisha kusimuliwa. Nyamizi aliliona hilo, hakujua aliweke wapi.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mtu wa maabara mwenye trei ya chupa ndogo. Alikuwa Khatibu, mwanamume mnene wa makamo. Alimwangalia Mahona, akatabasamu.

"Mahona Shigela wa Sapiwi! Hatimaye umemleta mama. Miaka minne nakusubiri, bwana. Siku ile ulivyolia, nikasema huyu kesho atarudi na mkewe."

"Khatibu," Naila alisema kwa ukali. "Nyamaza. Majibu ya mtu ni ya mtu."

Khatibu aliangalia uso mmoja, kisha mwingine. "Nilidhani ..."

"Toka."

Alitoka. Nyamizi alihesabu nyuma. Miaka minne iliyopita Limbu alikuwa ametoka kuzikwa, na Flora alikuwa tumboni.

"Walikuita kuchukua majibu ya Limbu," alimwambia mumewe. Hakuuliza.

Mahona alikunja kofia. "Walipiga simu. Ulikuwa bado matanga."

"Wakakupima na wewe."

"Wakanipima."

"Wakakwambia nini?"

"Kwamba ninayo. Kwamba wewe pia utakuwa nayo, maana Limbu alikuwa na zote mbili. Wakasema nikulete, na mtoto akizaliwa apimwe mapema. Wangempa dawa." Sauti yake ilikuwa inashuka kama maji ya kisima wakati wa kiangazi. "Nilitaka kukwambia, Nyamizi."

"Lini?"

"Flora alizaliwa mnene. Nikasema huyu amepona. Nikasema nikitamka nitaitwa mwenye damu mbovu, baba atasema nimeleta aibu kwenye ukoo, hakuna atakayeoa dada zangu ..."

"Mwanangu alikuwa na dawa hapa." Nyamizi alipiga meza kwa kiganja, kalamu zikaruka. "Hapa! Mwendo wa saa moja! Mwaka mmoja na nusu dawa imekaa hapa na wewe unaijua njia!"

"Nyamizi ..."

"Mama yangu walipomvunja mkono ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Ulisimama wapi?"

Mahona akasema, "Zizini."

"Zizini. Umesimama na ng'ombe, unajua, umenyamaza."

Alilia, yule mtu mpole. Naila alisogeza kiti ili awe kati yao, akawaacha kwanza. Baadaye Nyamizi alikumbuka kwamba machozi yale hayakumgusa hata kidogo. Yalimuudhi. Alimwona ameyaleta kama alivyoyaleta kwa Khatibu miaka minne nyuma, alipe kwa hayo, kisha aende zake.

Alimgeukia Naila. "Huyu aliye tumboni mnaweza kumpima sasa?"

"Hapa hatuwezi. Kuna kipimo cha kuchukua maji yanayomzunguka mtoto tumboni. Kinafanywa mbali, mahali pachache sana, na kina hatari ya kuiharibu mimba. Sitakudanganya kwamba ni rahisi kukipata. Tunachoweza ni kumchoma kisigino siku anayozaliwa, tone moja tu. Kwa wazazi kama ninyi, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoka mgonjwa. Haijalishi waliotangulia walikuwaje. Kila mmoja anaanza upya."

"Na akiwa mgonjwa?"

"Tunaanza dawa mapema, na unamleta kila mwezi. Watoto wanakua, dada. Wanasoma. Wanaoa."

"Nipe karatasi yangu," Nyamizi alisema. "Na yake."

"Yako nakupa. Ya Mahona, ile ya miaka minne nyuma, nampa Mahona."

Wote wawili walimtazama. Mahona alinyoosha mkono, akaipokea.

Walirudi kwa bodaboda mbili. Nyamizi alipanda pikipiki yake, Mahona yake. Sapiwi walipofika, Mahona alisema, "Nipe muda niwaze namna ya kumwambia baba."

"Muda umeshautumia," Nyamizi akajibu. "Kesho asubuhi. Ama useme wewe ama niseme mimi, na mimi sitasema vizuri."

Asubuhi iliyofuata mzee Shigela alikuwa ameketi nje ya nyumba kubwa akinywa uji, mkewe Ngolo akichagua michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye ungo, na Yakobo akinoa jembe la kukokotwa na ng'ombe. Mahona aliwasalimia baba na mama yake kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba. Mwangaluka, mayu." Ilikuwa desturi mke wa mtoto apige goti mbele ya mkwe kabla ya kusema neno. Nyamizi alikuwa amelipiga goti hilo kila asubuhi kwa miaka tisa. Leo alisimama.

"Mkeo anaumwa magoti?" mzee aliuliza.

"Leo nitasimama, baba," Nyamizi alisema. "Mahona ana maneno."

Mahona alianza kwa Kisukuma, sauti chini, akizungukazunguka. Alizungumzia hospitali, alizungumzia majibu, akafika kwenye neno damu akarudi nyuma. Nyamizi akamwambia, "Toa karatasi." Akaitoa. Akasema basi, yote kwa mara moja, kwamba Limbu aliuawa na ugonjwa wa damu, na Flora vilevile, na ugonjwa huo unatoka kwa baba na mama wote wawili, na yeye anao.

Jembe likaacha kulia. Yakobo aliinua kichwa.

"Umejua lini?" Yakobo aliuliza.

"Kabla Flora hajazaliwa."

"Kabla?" Yakobo alisimama. "Kabla? Na ukaniacha mimi ..." Hakumaliza. Aliuangalia mkono wake wa kulia kana kwamba mtu kamwazima.

Mzee Shigela aliweka kikombe chini. "Katika ukoo wangu hakuna damu ya namna hiyo. Hizo ni karatasi za watu wa mjini. Mwanamke huyu anatafuta namna ya kumsafisha mama yake."

"Hakuiokota machungani," Nyamizi alisema. "Alizaliwa nayo. Amepewa na wewe au amepewa na mayu. Mmoja wenu anayo hapo alipokaa. Nendeni mkapimwe."

"Unamwambia nani?"

"Nakwambia wewe, baba. Ulikwenda kwa mganga ukatoa ng'ombe dume ili ukaambiwe mama yangu anakunywa damu ya watoto. Damu ya watoto ilikuwa yenu na yangu. Mama yangu alikuwa akiwabeba tu."

Mzee aliinua fimbo. Mahona, labda kwa mara ya kwanza maishani, alisogea akasimama mbele ya fimbo ya baba yake. Na pale Ngolo akasema, bila kuacha kutazama michembe, "Mayunga alivimba mikono."

"Nyamaza," mzee akasema.

"Mayunga wangu. Kabla ya Mahona. Alivimba mikono hivihivi, nikamfunga majani ya moto. Na Nyanda alikuwa na macho ya njano." Ungo ulimtoka, michembe ikatawanyika mavumbini. "Tukamfukuza dada yako, Shigela. Tulisema ni yeye. Alifia Mkula peke yake, kwa watu baki."

Alianza kulia kwa sauti, mikono kichwani. Majirani walisikia wakaja, wanawake wakamzunguka Ngolo, wakampepea, wakamshika mabega, pole mayu, pole mayu. Nyamizi alisimama peke yake na karatasi yake. Alijua angepaswa kumhurumia mwanamke mwenzake aliyezika watoto wawili. Labda siku nyingine. Siku ile alichoona ni kwamba yule aliyepiga kelele kuliko wote siku ya mawe amepata watu kumi wa kumfariji, na mtu wa Bukundi hakutajwa na hata mmoja.

"Mmemaliza?" aliuliza kwa sauti. Wakanyamaza. "Nyumba ya mama yangu iliyochomwa itajengwa. Na mliomtukana hadharani mtakwenda Bukundi, mkaseme hadharani kwamba mlikosea. Wewe baba, na Yakobo, na Mahona. Mpaka hapo mimi siishi kwenye kaya hii."

Mchana huohuo alifunga nguo zake kwenye kitenge akaondoka. Akapanga chumba mjini Bariadi, mwendo mfupi kutoka kliniki, akaanza kukaanga maandazi kumuuzia mama mmoja wa Kiislamu, bi Mwanne, mwenye genge mbele ya stendi.

Mzee Shigela hakwenda Bukundi. Hajaenda mpaka leo, na kupimwa alikataa. Mahona na Yakobo walikwenda, mwezi wa tisa, wakasimama mbele ya watu wa kaka yake Kabula na kusema waliyotakiwa kusema. Nyamizi alikuwepo, tumbo likiwa kubwa. Kabula aliwasikiliza mpaka mwisho. Aliwapa maji. Kisha alimwita Yakobo kwa kidole, akamnyooshea mkono wake wa kushoto.

"Shika," alisema.

Yakobo alisita.

"Shika, uone ulivyokaa."

Akaushika. Kabula alimwacha aushike kwa muda mrefu.

"Nimesikia mliyosema," Kabula alisema. "Nyumba jengeni, mwiteni anayetaka kuishi humo. Mimi Sapiwi sirudi."

Nyamizi alitaka mama yake apige kelele. Alitaka awatukane, awatemee mate, awafukuze na mbwa. Usiku ule alimwambia hivyo, na Kabula akasema amechoka tu, hasira ni kazi ya wenye nguvu, na kama binti yake anazo basi azitumie.

Mtoto alizaliwa mwezi wa kumi na mbili, mvua zikiwa zimeanza, msichana mwenye sauti kubwa. Wakamwita Goodness. Khatibu mwenyewe alikuja wodini kumchoma kisigino, akaomba msamaha kwa ile siku, na Nyamizi akamwambia asiombe, mdomo wake ule ndio uliosema kweli peke yake. Tone likachovywa kwenye karatasi, likapelekwa. Majibu yalichukua wiki tano.

Siku ya majibu Mahona alikuja na maziwa kwenye kibuyu. Alikuwa akija kila Alhamisi. Nyamizi alimruhusu ambebe mtoto, ajifunze kupima homa, akariri majina ya dawa. Kurudi Sapiwi hakukuzungumziwa.

Naila aliwakalisha. Hakuzunguka.

"Amepewa zote mbili," alisema. "Ni mgonjwa."

Mahona aliinama. Nyamizi alimvuta mtoto karibu. Alikuwa amekataa kuomba Mungu mtoto awe mzima, akaomba tu asidanganywe.

"Dawa inaanza lini?" aliuliza.

"Leo. Penisilini kila siku asubuhi na jioni, folik ya kuongeza damu, na asilale bila chandarua hata siku moja. Akipata homa, hata ya jioni, usisubiri kuche. Unaleta."

Naila aliandika, akawapa kadi mpya, akawaonyesha jinsi ya kushika wengu la mtoto kwa vidole ili wajue likivimba. Mahona alijaribu mara tatu mpaka akapata. Kisha wakatoka kwenye ukumbi, ambako mabenchi yalikuwa yamejaa kama kila Alhamisi, wajawazito na wenye watoto, na waume wachache waliosimama ukutani.

Mahona alimwinamia mkewe sikioni. "Nyumbani tusiwaambie kwanza," alisema polepole. "Mpaka baba atulie."

Nyamizi alisimama pale pale. Aligeuka, mtoto begani, na aliposema, sauti yake ilitoka mpaka barabarani.

"Huyu anaitwa Goodness Mahona!"

Ukumbi mzima ukageuka.

"Ana sikoseli! Kapewa na baba yake huyu hapa, na kapewa na mimi! Hakurogwa! Wakubwa zake wawili walikufa nayo, na mama yangu akavunjwa mkono kwa ajili ya ugonjwa huo, na mume wangu alijua akanyamaza. Mwenye la kuuliza aulize sasa hivi, asiende kuniulizia kwa majirani."

Mahona alibaki kasimama na kibuyu, uso wazi mbele za watu wote, hana pa kuuweka. Mlango wa maabara ulifunguliwa kidogo.

Kisha kwenye benchi la nyuma msichana mmoja, mimba yake bado changa, akanyoosha kidole nusu kama mwanafunzi.

"Dada," alisema, "wanapima chumba gani?"

"Cha pili kushoto," Nyamizi alijibu kwa sauti ileile. "Na mwambie mumeo asibaki hapo ukutani. Aingie na wewe."